Yote Nakufa

Bibi yangu mzaa baba, ambaye kwa lugha yetu tunamwita kukhu, alijua kudanganya kumbikumbi. Hii ndiyo kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa na haina uhusiano na hayo nitakayoyasema, lakini kila nikikaa na kalamu ndiyo hutangulia, basi niiondoe njiani. Tulikuwa bado upande wa Bungoma, kabla baba hajatuhamisha. Kukhu alichagua kichuguu kimoja nyuma ya nyumba, akakifunika kwa vijiti na majani ya mgomba, akaacha tundu moja mbele na chungu kimefukiwa hapo mdomoni. Kisha yeye na wanawake wengine wawili wakaketi wakaanza kugonga vijiti juu ya kipande cha ubao, polepole kwanza, halafu haraka, halafu polepole tena. Mimi nilikuwa nimelala ndani. Nikasikia mvua. Nikatoka mbio kuingiza kuni zisilowe, mikono imejaa kuni, na nje jua lilikuwa linachoma mpaka kuku wamejificha. Wanawake wakacheka mpaka wakaacha kugonga. Na kumbikumbi wenyewe, waliosikia nilichosikia, walikuwa wanatoka kwa wingi na mabawa yao mapya na kuangukia chunguni.

Nikamuuliza, "Kukhu, kwani hawa hawana macho?"

"Macho ya nini na wao wako chini ya udongo? Wewe una macho mawili na umetoka mbio na kuni."

Nilikula kumbikumbi hao kwa hasira, lakini nilikula. Walikuwa watamu, wana mafuta, na bawa moja lilinikwama kwenye koo mpaka jioni.

Nimetaja mvua kwa sababu kwetu majira hayakuwa kitu cha kufundishwa na mwalimu. Mtu alizaliwa nayo kama jina. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Wafula, na msichana ni Nafula, kama dada yangu mkubwa. Wakati wa palizi, Wanyonyi. Kiangazi, Simiyu. Wakati wa njaa, Wanjala, na maskini huyo atabeba njaa hiyo maisha yake yote hata akiwa na tumbo kama pipa. Nilimjua mmoja mwenye duka la nyama pale Naitiri. Wakati wa kuvuna ni Wekesa na Nekesa. Ukitaka kujua mwaka ulivyo, simama mlangoni uite watoto.

Sasa juzi kitukuu changu, wa miaka minne, alirudi kutoka shule ya chekechea hapa Kitale na karatasi. Juu ya karatasi wamebandika majani makavu, moja la mgrevilea, moja la mparachichi, na lingine limepakwa rangi nyekundu kwa sababu halikuwa jekundu lenyewe. Chini kumeandikwa neno la Kizungu. Mjukuu wangu, mama wa huyo mtoto, alinisomea akasema ni wakati ule majani huanguka Ulaya. Nikamuuliza, na hapa? Akasema, akiniita babu kwa lugha yetu, "Hapa hakuna, kuka, ni mambo ya kitabu tu. Wanafundishwa." Walikuwa wamebandika kwa unga wa ngano uliokorogwa maji, ule unaochacha haraka. Nilinusa karatasi ile mara moja, nikairudisha kwa mtoto, nikatoka nikaenda kusimama kwenye ng'ombe. Nadhani mtoto alifikiri nimechukia kazi yake. Haikuwa hivyo.

Hiyo harufu ya majani makavu na unga uliochacha niliijua kabla sijajua kufunga kifungo cha shati.

Shamba tuliloishi lilikuwa kati ya Kitale na Saboti, mahali ambapo asubuhi mlima umekaa mbele yako kama mtu aliyefika kabla yako. Setla wake, mzungu mwenye shamba, tulimwita Bwana Kikohozi. Alirudi na kifua kibovu kutoka vita vya zamani, na kikohozi chake kilitangulia kufika kokote alikokwenda. Wafanyakazi wavivu walikipenda sana kwa sababu kiliwapa nafasi ya kushika jembe. Baba yangu alikuwa nyapara wake. Alipewa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, alipewa kiboko, na aliruhusiwa kulisha ng'ombe kumi na mmoja katika shamba la mzungu, wakati wengine waliruhusiwa wawili au watatu. Nisimfanye malaika. Kiboko kile hakikuwa cha kufukuzia nzi. Baba alichapa watu. Alimchapa baba ya rafiki yangu Barasa mbele ya ghala kwa sababu ya gunia lililolowa, na kesho yake mimi na Barasa tulicheza pamoja kama kawaida, hatukulitaja. Watoto wanajua kutotaja.

Ng'ombe hao ndio waliokuwa maisha yetu. Huko Bungoma baba hakuwa na ardhi tena, kaka zake walishaigawana. Ukifukuzwa kwa setla unatoka na ng'ombe wako barabarani na hujui unawapeleka wapi, na njiani kuna askari wanaouliza karatasi ya ng'ombe. Tuliona familia moja ikitoka hivyo. Mama alisimama mlangoni akiwaangalia wakipita, akasema kwa sauti ndogo, "Hao hata sufuria hawakumaliza kupika." Kwa hiyo kila kitu nyumbani kwetu kilipimwa na jambo moja, je, kitamkasirisha Kikohozi au hakitamkasirisha.

Memsabu, mke wa Kikohozi, alikuja baadaye, wakati wa kuvuna, mwembamba, uso mwekundu kwa jua. Kwa kuwa alifika wakati wa mavuno, wanawake wa laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, walimpa jina la Nekesa. Mzungu hakujua kama ana jina hilo, lakini alikuwa nalo. Na walimpenda kwa kiasi chao. Alimtibu mtoto wa mama Barasa aliyeungua na uji, akamfunga kitambaa cheupe kila asubuhi mpaka ngozi ikarudi. Mama yangu alisema, "Huyu Nekesa ni mtu." Kwa mama, kusema mzungu ni mtu haikuwa neno dogo.

Ndiye aliyeanzisha shule ya watoto wadogo. Ilikuwa katika stoo ya matandiko ya ng'ombe, ndani kunanuka ngozi na mafuta. Tulikuwa watoto kama kumi na watano, wale walioacha kunyonya lakini hawajafika umri wa kuchunga ndama. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwa nini Kikohozi alikubali: mama asiyebeba mtoto mgongoni anavunja mahindi mistari miwili wakati mwenye mtoto anavunja mmoja. Lakini Memsabu mwenyewe nafikiri alitaka watoto. Hakuwa na wake.

Alitufundisha majani. Siwezi kusema alifundisha kitu kingine. Asubuhi alitutoa nje na vikapu, tuokote majani yaliyoanguka yenyewe, usichume, ukichuma unapigwa kikofi kidogo kwenye mkono. Tukirudi, tunayapanga juu ya meza, makubwa huku, madogo huku, yenye meno huku, yasiyo na meno kule. Tunayatunga kwenye nyasi ndefu. Tunaweka jani chini ya karatasi, tunasugua na mkaa, na mishipa ya jani inatokea juu, na mara ya kwanza ilipotokea Barasa alitupa karatasi akakimbia. Tulibandika kwa unga wa ngano. Tulipanga mbegu za mbarika, maganda ya jakaranda yanayolia kama njuga, vikombe vidogo vya blugamu. Niseme ukweli, nilifurahi. Sijawahi kuwa na asubuhi nzuri kama hizo, na hili ni miongoni mwa mambo yanayoniudhi.

Shida yake ilikuwa moja. Alitaka majani mekundu. Na Kitale majani hayakubali. Jani letu linakuwa kijani, halafu kahawia, limekwisha. Alikuwa na mti mmoja kutoka kwao, kando ya veranda, na huo ulikuwa umechanganyikiwa kabisa, upande huu unapukutisha na upande ule unachipua. Aliuangalia mti huo namna mtu anavyomwangalia mtoto aliyeshindwa darasani.

Siku moja katikati ya mavuno alikuja darasani na barua. Ilikuwa kubwa, imechanika pembeni. Akaifungua, na ndani, katikati ya karatasi, kulikuwa na majani. Mekundu kama damu ya kuku, na mengine ya manjano, yamelala bapa. Akalichukua moja akaliweka puani. Akanusa muda mrefu. Alipoliondoa macho yake yalikuwa na maji, akatoa kitambaa akapenga kamasi. Hatukuwa tumewahi kuona mzungu akilia, na Barasa akaninong'oneza, "Ati hata wao wana kamasi."

Kisha akatuambia. Nitaandika maneno yake kama yalivyo, kwa sababu nimeyarudia maisha yangu yote na sijayasahau hata moja. Akasema, "Kule kwetu sasa yote nakufa. Kwanza nakuwa nyekundu. Halafu nakufa, naanguka chini. Yote. Halafu watoto nakusanya, nachoma moto."

Hicho ndicho Kiswahili chake, na sisi tulikielewa, kwa sababu chetu hakikuwa mbali. Sisi Wabukusu wa laini ile hatukuwa na habari ya "yanakufa" na "wanakufa". Mtu nakufa, ng'ombe nakufa, taa nakufa. Kama kungekuwa na Mswahili wa pwani mle ndani angeuliza, nini kinakufa, Memsabu? Hakukuwa naye. Kulikuwa na watoto kumi na watano, barua, mwanamke anayelia, na habari kwamba kwao yote nakufa. Na hiyo ya kuwa nyekundu kwanza tuliielewa kabisa. Tulikuwa tumewaona wazungu. Walikuwa tayari wameanza kuwa wekundu, wote. Nilimwangalia usoni, kwenye pua pale palipobambuka kwa jua, nikaona naye hayuko mbali.

Baada ya hapo akatufundisha mchezo. Tusimame, mikono imepanuliwa, tuyumbe na upepo. Akipiga makofi tunaanguka polepole, tunalala chini, hatusogei. Anapita katikati yetu akisema, "Nzuri. Nzuri sana. Kufa kabisa." Mama yangu alifika kunichukua wakati huohuo. Alisimama mlangoni, akaona watoto wa laini nzima wamelala chini kimya na Memsabu, macho mekundu, anatembea kati yao na barua mkononi.

Njiani akaniuliza, "Mlikuwa mnafanya nini pale?"

"Tunakufa kama watu wa kwao Memsabu."

"Watu gani?"

"Wa kwao. Barua imekuja. Wamekufa wote. Kwanza wanakuwa wekundu, halafu wanaanguka. Watoto ndio wanawachoma moto."

Mama akasimama barabarani. Alikuwa na mzigo wa kuni kichwani na hakuutua. "Alisema wote?"

"Alisema yote. Alilia, mayi. Alitoka kamasi."

Jioni baba alipokuwa anakula, mama akamwambia. Baba akamega ugali, akatafuna, akasema, "Nimekuwa na Kikohozi siku nzima. Hakusema kitu."

"Hao ni watu wa bibi yake, si wake. Na wazungu hawasemi."

"Basi na wewe usiseme."

"Baba Nafula, mtu amefiwa na ukoo mzima. Amemfunga mtoto wa mama Barasa kidonda kwa mikono yake. Tunapita mlangoni kwake na vikapu kama ng'ombe?"

"Mahindi yako nje na mvua iko pale," baba akasema, akaonyesha upande wa mlima. "Magari ya ng'ombe yanapakia kesho. Mambo ya wazungu waachie wazungu." Akanawa mikono, akatoka kuangalia ng'ombe.

Angeuliza. Hilo ndilo ninalosema mpaka leo, angeuliza neno moja tu asubuhi, "Bwana, kuna msiba?" Lakini nyapara hamuulizi bwana habari za bibi yake. Na mama angengoja. Na mimi ningesema "majani". Neno lenyewe nililijua, nilikuwa nimeokota majani mwezi mzima. Halikunijia.

Asubuhi wanawake hawakwenda shambani. Wale wa rika langu mnajua jinsi mama zetu walivyokwenda kwenye msiba, wa siku hizi hawajui. Walivunja matawi mabichi, wakajifunga majani kiunoni, mikono wakaweka kichwani, wakaanza kulia tangu mbali ili mwenye msiba ajue watu wanakuja. Mama alikuwa mbele. Walikuwa zaidi ya thelathini. Walibeba unga, na mmoja alibeba kuku. Sisi watoto tulifuata nyuma. Nilijisikia mkubwa, nisiwafiche. Habari ilikuwa yangu.

Memsabu alitoka kwenye veranda na nguo ya kulalia, nywele hazijafungwa. Akawaangalia wale wanawake wenye matawi wakilia. Akauliza, "Nini? Nani nakufa?"

Mama akapiga goti chini ya ngazi. "Pole, Memsabu. Pole Nekesa. Tumesikia. Watu yako. Watu yako yote."

Nikaona kitu ambacho sikukielewa wakati huo. Uso wake ulitoka wekundu. Ukawa mweupe kama ule unga. Alishika nguzo, akaketi ngazini, akasema kwa sauti ya mtoto, "Nani nasema? Simu nakuja? Mama yangu?" Kwa maana yeye naye alifikiri sisi tumeletewa habari, kwamba simu ya maandishi imefika Kitale na nyapara ameipokea na wanawake wamejua kabla yake. Kwa muda kama wa kuchemsha maji kidogo, kwa kweli alikuwa amefiwa. Na mama alipanda ngazi, akaketi kando yake, akamshika kichwa akakilaza kwenye bega lake. Akakubali. Walilia pamoja, kila mmoja msiba ambao mwenzake alidhani ni wake. Ningependa nimalizie hapo, lakini haikuishia hapo.

Kikohozi alisikika kabla hajaonekana. Alitoka upande wa ghala na baba nyuma yake. Mtaelewa hofu yake, ingawa sitaki kumwombea. Siku zile upande wa Bungoma kulikuwa na watu waliokataa serikali, waliimba na kusali kwa namna yao, kulikuwa kumepigwa risasi, na wazungu wa Kitale waliambiwa wakiona Wabukusu wamekusanyika na wanaimba walete habari polisi. Na huyu hapa anatoka ghalani, shamba liko tupu, mvua inakuja, Wabukusu thelathini wenye matawi wako mlangoni kwake na mmoja amemshika bibi yake kichwa.

Alimvuta mama mkono akamtoa ngazini. Mama hakuanguka, alishuka vibaya tu.

Walizungumza Kizungu yeye na bibi yake, haraka. Memsabu akauliza hili, akauliza lile, na nikaona damu inarudi usoni kwake. Akasimama. Akafunga nguo yake vizuri kifuani. Akawauliza wanawake, "Nani nasema watu yangu nakufa?"

Mama aliniangalia, na alivyoniangalia ilikuwa sawa na kusema.

Baba ndiye aliyekuja mpaka niliposimama. Aliinama, jambo ambalo hakufanya mbele ya watu, akaniuliza kwa lugha yetu, polepole, "Memsabu alisema nini? Sema maneno yake, usiseme ya kwako."

Nikasema, "Alisema, kule kwetu sasa yote nakufa. Kwanza nakuwa nyekundu. Halafu naanguka chini."

Baba akainuka akamwangalia Memsabu. Sote tulimwangalia. Angesema, ndiyo, nilisema hivyo. Ilikuwa rahisi. Kikohozi alijua Kiswahili cha bibi yake, wangecheka wawili, na mahindi yangepakiwa. Lakini alikuwa amelia mbele ya wafanyakazi na kichwa chake kwenye bega la mama yangu, na nguo ya kulalia. Nafikiri ndiyo sababu. Nimejaribu kutafuta nyingine.

"Hapana," akasema. "Mimi nasema majani. Majani nakufa. Hii mtoto nasema uongo."

Hakusema majani. Nimekuwa mzee, nimezika bibi, nimezika watoto wawili, nimesahau sura ya kukhu, na bado naweza kula kiapo popote kwamba hakulitamka neno majani siku ile. Akaingia ndani akafunga mlango.

Kikohozi akamwambia baba, "Sikia, nyapara. Hii bibi yako nasimamisha kazi. Naleta watu na matawi kwa nyumba yangu. Mimi napiga simu polisi, watu yote nakwenda jela na ng'ombe yote natoka shamba. Ama wewe namchapa, hapa, sasa. Kumi tu. Halafu maneno nakwisha, bibi nakwenda kazi."

Baba akakiangalia kiboko mkononi mwake.

"Wewe nachapa wengine," Kikohozi akasema. "Kila siku nachapa. Mkono nauma leo?"

Na hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba mzungu alisema kweli. Mama Barasa alikuwa pale, mumewe alishachapwa mbele ya ghala lile lile. Alikuwa ameshusha tawi lake. Alingoja kuona, na wengine pia walikuwa wanangoja, wanawake walewale waliotoka asubuhi na mama wakilia. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa ng'ambo ya ua, nawasikia wakila. Mama alisimama chini ya ngazi na majani kiunoni, akasema kwa Kibukusu, bila kulia, "Nichape, baba Nafula. Ni kumi. Watoto wataenda wapi?"

Nilitaka amchape. Lazima niliseme hili, kwa kuwa nimeahidi moyoni kwamba nikiandika nitaandika yote. Nilijua kosa ni langu, na nilifikiri akichapwa mama basi limekwisha, turudi nyumbani.

Baba alifungua koti. Kifungo kimoja, kingine, taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani. Alilikunja, mikono ndani, akaliweka kwenye ngazi ya kwanza, na kiboko juu yake. Watu wa Naitiri waliokuwako wanaisimulia hadithi hii mpaka leo na wanamsifu. Ati nyapara aliyekataa. Ati mwanaume. Wamenisalimia kwa heshima kwa ajili yake, wazee wazima wananishika mkono. Hawasemi kwamba polisi walikuja mchana, kwamba ng'ombe tisa walibaki kwa setla, kwamba mama alifanya kazi ya kuponda mawe ya barabara na mkono wake wa kulia haukunyooka tena. Hawasemi kwamba baada ya miaka mingi mtu mmoja aliyetoka Kachibora alituambia amemwona baba huko Cherangany, anapasua mbao, ana bibi na watoto, anacheka sana. Mama aliposikia hilo la kucheka ndipo alipoketi. Kama angemchapa, mama angepona baada ya wiki moja. Au labda asingepona. Sijui. Nimelipima upande huu na upande ule miaka hii yote na bado sijui, na wanaojua haraka huwa hawakuwa na njaa.

Alipomaliza kukunja koti hakumwangalia mama. Mimi aliniangalia kidogo tu, kama mtu anayeangalia kama amesahau kitu. Kisha akageuka akaenda. Hakukimbia. Alipita kati ya wanawake, wakampisha na matawi yao, akaingia shambani ambako mahindi yaliyokatwa yalikuwa yamesimamishwa mafungu mafungu kama vibanda, mpaka kule mbali. Kikohozi alimwita mara moja, halafu kifua kikamshika. Baba akafika kwenye fungu la mbali, akazunguka nyuma yake.

Mimi nilidhani amekwenda haja ndogo. Nikakaza macho upande wa pili wa lile fungu, pale atakapotokea.